Mbegu Zina Usingizi

Mwaka ule matikiti yangu ya Wingwi yalichanua bure.
Ua la manjano asubuhi, jioni limesinyaa,
na kijitunda nyuma yake kimepiga weusi
kama kidole kilichobanwa na mlango.
Nikalaumu mbolea. Nikalaumu duka la Konde.
Nikamlaumu hata mbuzi wa Asaa, naye amefungwa.

Bi Mize alikuja kuomba kiberiti,
akasimama ukingoni, kiberiti akakisahau.
"Shamba lako safi," alisema.
"Safi kama sahani isiyopakuliwa.
Mgagani umeupeleka wapi?"

Nilikuwa nimeung'oa wote,
siku tatu, kwa jembe na kwa mikono,
nikijisifu.

Akaniongoza hadi nyuma ya choo chake.
Mmoja ulikuwa umeota katika ufa wa jiwe,
akanisomesha kama mtoto wa chuoni:
Hesabu vijani. Pitisha kidole kwenye shina, usiogope.
Sasa nusa.
Haikuwa harufu ya asumini. Ilikuwa ya mtu
aliyekwisha kufanya kazi tangu alfajiri.
Nyuzi za zambarau zimechomoza nje ya ua
kama ndevu za uduvi.

"Na ule wenye ua la manjano?"
"Huo binamu yake. Shina moja, tabia mbili.
Usije ukaniletea huo ukasema ndio huu."

Akaona macho yangu yanasahau, akanifungia ubeti:

   Majani yake matano, kiganja kilicho wazi,
   Shina lanata mkono, ua jeupe la nyuzi,
   Ganda lake ni sindano, hupasuka bila kazi,
   Ukiung'oa ni neno, nyuki watakosa ngazi.

"Ngazi ya kwenda wapi?"
"Kwenye matikiti yako, baba. Au ulidhani wanashuka tu,
kama mvua?"

Akanivunia maganda yaliyoanza kulia ukiyagusa.
Nikapanda juma lile lile, ardhi bado mbichi.
Juma la kwanza, kimya.
La pili, kimya, na sisimizi.
La tatu nikaenda kumlalamikia.

Alicheka mpaka akashika goti lake bovu.
"Mbegu mpya zina usingizi. Ziache zilale miezi mitano, sita.
Wewe siku uliyozaliwa ulipewa jembe?"

Zilizobaki nikazifunga katika kipande cha kanga,
nikazitia kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati, pakavu.
Kabla hazijaamka, goti likampeleka Bi Mize Wete,
kwa bintiye aliye karibu na hospitali.

Vuli ikaingia.
Kiganja cha mbegu kwa viganja vitatu vya mchanga,
maana ni ndogo, vijikonokono vyeusi,
ukizimwaga peke yake zinalundikana.
Nikazifunika udongo unene wa ukucha, pembezoni mwa mistari.
Siku ya tano nilipiga magoti kama mwenye kupoteza pete.
Vilikuwa vimetoka. Vingi kuliko nilivyostahili.

Vichwa vya nusu yake nikavichuma, nikavipika kwa tui,
vikanionjesha uchungu wao wa haki.
Nusu nikaiacha ichanue.
Wakaja nyuki wadogo wasiouma,
wakaja wakubwa kutoka mizinga ya Faki kule mikokoni,
na magharibi, maua mapya yakifunguka, nondo,
ambao sijawahi kuwaalika mahali popote.

Matikiti kumi na moja. Mawili kunguru waliyatoboa.
Moja nikapanda nalo gari la Wete, nimelipakata.

Bi Mize alilipiga kofi, likaitika, akalisukuma pembeni.
"Na mbegu za mgagani?"

Nikatoa kifundo mfukoni.
Akakiweka sikioni. Hakukitikisa.
Akanirudishia polepole, kwa mikono miwili.